Kanuni za Msimbo Zilivyosalimu Amri kwa Mashine

Naandika kutoka Bura. Nasema Bura ya Taita, hapa kati ya Mwatate na Maktau, si ile ya Tana River yenye mradi wa umwagiliaji. (Bado kuna wanaoniandikia kuuliza habari za pamba.) Leo hakuna mafunzo ya hatua kwa hatua. Leo ni historia, na historia yenyewe ni ya kitu kidogo kinachogombanisha watu wazima: nafasi tupu.

Kisa ni hiki. Timu yetu ina watu wanne, wawili Voi, mmoja Mombasa, na mimi. Tunaandika programu za vyama vya akiba na mikopo kwa Python na Django. Tulirithi waraka wa kurasa kumi na moja unaoeleza msimbo uandikwe vipi: mstari uwe na urefu gani, mabano yafungwe wapi, alama za usawa zipangwe namna gani. Mwaka huu tumeamua kutumia kipangaji, yaani programu inayouchukua msimbo ulivyo na kuupanga upya yenyewe bila kubadilisha maana yake. Mwenzetu mmoja anaita kuupiga pasi, na jina limeshika. Papo hapo swali likazuka: waraka ukisema hivi na pasi ikisema vile, nani ampishe mwenzake? Wenzangu wawili walitaka tuibembeleze pasi mpaka ifuate waraka. Mimi nilisema waraka ndio ubadilike, na kwa kuwa nilidaiwa sababu, nikaenda kusoma yaliyowakuta waliotutangulia. Nimeona nisile peke yangu.

Tunapenda kuamini kwamba watu walitunga kanuni za msimbo kwa hiari yao, kisha mashine zikaja kusaidia. Mambo yalianza kinyume. Mwaka 1928 IBM ilitoa kadi ya kutobolewa yenye safu 80, na lugha ya FORTRAN ilipotoka mwaka 1957 iliandikwa kwenye kadi hizo hizo. Safu ya 1 hadi ya 5 zilikuwa za namba ya sentensi, ya 6 ilionyesha kwamba kadi hii inaendeleza ile iliyotangulia, ya 7 hadi ya 72 ndiyo msimbo wenyewe, na nane za mwisho zilikuwa za kuhesabia kadi, ili rundo likikudondoka uweze kulipanga tena. Hapakuwa na cha kubishania. Ukitoboa herufi yako ya kwanza kwenye safu ya 6, kompaila iliisoma kadi nzima kama mwendelezo wa ile ya juu, basi. Kanuni ilikuwa ndani ya chuma.

Kadi zikaenda zake, safu 80 zikabaki. Skrini ya VT100 ya kampuni ya DEC, ya mwaka 1978, ilikuwa na safu 80. Mwongozo wa Python uitwao PEP 8, ulioandikwa mwaka 2001, ukaweka mwisho wa mstari kwenye herufi ya 79. Kwa hiyo kijana akiambiwa leo mjini Voi kwamba mstari wake umezidi 79, anayemkemea kwa kweli ni kipande cha karatasi ngumu kilichobuniwa zaidi ya miaka 90 iliyopita.

Ugomvi ulikuja na uhuru. Lugha zilizofuata, kuanzia ALGOL hadi C, zilimwachia mwandishi apange mistari apendavyo. Kompaila ya C haijali mabano yako ya mawimbi umeyaweka mwisho wa mstari au mwanzo wa mstari unaofuata. Palipo na uhuru pakazuka madhehebu. Kitabu cha Kernighan na Ritchie cha mwaka 1978 kikafuatwa na wengi katika kuweka bano mwisho wa mstari. Mradi wa GNU ukalishusha bano kwenye mstari wake na kulijongeza kwa nafasi mbili. Linus Torvalds, kwenye mwongozo wa Linux, akataka kila ujongezaji uwe wa herufi moja ya tabu yenye upana wa nafasi nane, na akaanza kwa kuwashauri watu wachapishe kanuni za GNU kisha wazichome moto. Ulikuwa utani, lakini mtu hatanii hivyo jambo lisilomuuma. (Hiyo herufi ya tabu, nani aliipa jina linaloifaa hivi kwa Kiswahili?)

Programu za kupanga msimbo zenyewe ni za kale kuliko nilivyodhani. Waandishi wa Lisp walikuwa na moja, GRINDEF, iliyoandikwa na Bill Gosper mwaka 1967. Mwaka 1976 David Willcox wa Chuo Kikuu cha Illinois aliandika indent kwa ajili ya C, nayo baadaye ikasambaa pamoja na Unix ya Berkeley. Mwaka 1980 Derek Oppen akachapisha makala ya kitaalamu inayoeleza jinsi ya kuamua mstari ukatwe wapi bila kusoma faili nzima kwanza, na vipangaji vingi vimekula kutoka kwenye chungu hicho.

Sasa mbona ugomvi haukuisha mwaka 1976? Jibu liko kwenye ukurasa wa maelezo wa indent. Ina vibonyezo kwa makumi: bano hapa au pale, nafasi kabla ya mabano au la, maelezo yaanzie safu gani. Waandishi wake walitaka kumridhisha kila mtu, na kila mtu akaridhika kivyake. Linux walikuwa na kijiprogramu kinachoita indent kikiwa na orodha ya vibonyezo vyao, na bado ilibidi binadamu apite nyuma kusafisha. Ugomvi ulihama tu kutoka kwenye msimbo ukaenda kwenye orodha ya vibonyezo. Kanuni zilikuwa bwana, programu ikawa mtumwa, na mtumwa wa mabwana ishirini hana kazi anayoimaliza.

Haya, sasa tufike nyumbani, maana historia hii ina sura yake hapa Kenya.

Mwaka 2001, kwenye kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, watu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, Marekani, walianza kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta. Mfumo wa kwanza ulikuwa wa Microsoft Access. Mwaka huo huo mpango wa AMPATH wa kutibu wagonjwa wa UKIMWI ulianza, idadi ya wagonjwa ikapanda, na Access ikaanza kulemewa. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief walikuja Eldoret, wakaona hali, na hapo likazaliwa wazo la OpenMRS. Hamish Fraser wa Partners In Health akajiunga nao baadaye. Mwaka 2006 mfumo ulianza kufanya kazi Eldoret na, mwaka huo huo, Rwanda. Ni programu huria iliyoandikwa kwa Java, na juu yake zimejengwa KenyaEMR na UgandaEMR. Ukiingia kliniki ya serikali hapa nchini ukaona muuguzi anakutafuta kwenye skrini, kuna uwezekano mkubwa unatafutwa na msimbo ambao mizizi yake ni Eldoret.

Kwa nini hili linahusu nafasi tupu? Kwa sababu OpenMRS haikuandikwa na watu wa chumba kimoja. Kuanzia mwaka 2007 mradi umekuwa ukipokea wanafunzi kupitia mpango wa majira ya kiangazi wa Google, na waliotuma msimbo wametoka Uganda, Kenya, Rwanda, Kameruni, India, Sri Lanka na kwingineko. Watu wa namna hiyo huwezi kuwaketisha pamoja ukawaambia hapa tunajongeza hivi. Wakuu wa mradi walifanya jambo la busara kwa wakati ule: walichukua kanuni zao za mpangilio na kuzitia kwenye faili moja, OpenMRSFormatter.xml, inayosomwa na Eclipse, kihariri kilichopendwa sana na watu wa Java miaka hiyo. Kanuni ya nafasi ikaacha kuwa aya ya kusoma, ikawa faili ya kuendesha. Mgeni aliingiza faili, akabonyeza, msimbo wake ukafanana na wa wenyeji.

Nawapa heko. Lakini tazama walicholipa. Faili ile ilikuwa ya Eclipse. Watu walipohamia IntelliJ, ilibidi waweke kiongezi cha kuifundisha IntelliJ kusoma lugha ya Eclipse. Baadaye moduli nyingi ziliwekewa kijisehemu cha Maven kinachoita kipangaji hicho kila unapojenga, kwa hiyo mtu akijenga moduli ya zamani ambayo haijawahi kupangwa, anakuta faili ambazo hakuzigusa zimebadilika. Na kulikuwa na kibonyezo kimoja ninachokipenda kwa ubaya wake: kile cha kujongeza mistari mitupu. Mstari usio na neno hata moja ulijazwa tabu ili ulingane na majirani. Git nayo, kwa desturi yake, huzichukulia nafasi za mwisho wa mstari kama kosa na kuzipaka rangi nyekundu. Kipangaji kinaziweka, Git inazilaani. Mwanafunzi aliye Kampala anaanza kujiuliza ni yeye au ni wao.

Usicheke ukaona ni mambo madogo. Kwenye mfumo wa hospitali, anayekagua badiliko anatakiwa aone mstari uliobadilika. Ukituma badiliko la mistari mitatu na kipangaji kikaongeza mia nne ya nafasi tupu, ile mitatu imezama, na mmojawapo huenda ndio unaoamua dawa zihesabiwe vipi. Mkaguzi ana njia mbili: alikatae badiliko zima, na mgeni avunjike moyo aende zake, au alikubali bila kuliona.

Mwaka 2009 Google ilitoa lugha ya Go, na ndani yake gofmt, iliyoandikwa na Robert Griesemer. Hapa ndipo mambo yalipogeuka. Gofmt haina vibonyezo vya mtindo. Ujongezaji ni wa tabu, umalizane na hilo. Urefu wa mstari? Hawakuweka kikomo kabisa. Utaukata mwenyewe, nayo haitakuuliza. Hata bano la mawimbi halikuachwa: Go hujiwekea nukta mkato mwisho wa mstari, kwa hiyo ukilishusha bano la kufungulia kwenye mstari unaofuata, kompaila inakataa. Tumerudi kwenye safu ya 6 ya FORTRAN! Tofauti ni kwamba safari hii chuma hakikulazimisha. Watu wenyewe waliamua kanuni iwe ile tu ambayo mashine inaweza kuitekeleza. Rob Pike, mmoja wa waanzilishi wa Go, hufafanua hili kwa mzaha wa kweli: mtindo wa gofmt haupendwi na mtu yeyote, lakini gofmt yenyewe inapendwa na kila mtu.

Hili mtu wa Taita halimpigi chenga, maana tunaishi kando ya mfano wake. Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa mwaka 1896, wakatumia upana wa mita moja kama wa reli nyingi za India. Wajerumani nao, upande wa pili, walijenga reli kutoka Tanga ikafika Moshi mwaka 1911, nayo ya mita moja. Hawakuwa marafiki. Vita vikuu vilipokuja, Waingereza walitandaza reli kutoka Voi mwaka 1915 kupita Mwatate, hapa Bura, Maktau na kuendelea Taveta, na mwaka 1916 ikaungana na ile ya Wajerumani kule Kahe. Behewa likavuka kutoka reli ya adui mmoja hadi ya mwingine kwa sababu tu vyuma vilikuwa na upana ule ule.

Halafu nenda Tanzania. TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, ina upana wa milimita 1,067, kwa kuwa ilitakiwa iungane na reli za kusini. Reli ya Kati ni milimita 1,000. Tofauti ni milimita 67, haifiki upana wa kiganja, na kwa ajili ya hiyo mizigo hushushwa kwenye behewa moja na kupakiwa kwenye jingine pale Kidatu. Hapa kwetu nako reli mpya ya mwaka 2017 ina milimita 1,435, kwa hiyo Voi ina reli mbili zisizoweza kupeana behewa. Nani atasema kwa uhakika kwamba upana fulani ndio bora? Wahandisi wanaweza kubishana hadi usiku. Anayebeba gunia pale Kidatu hana muda na ubishi huo.

Tukirudi kwenye Python, somo lilichelewa. PEP 8 iliandikwa kwa ajili ya binadamu wenye busara, na ina sentensi nyingi za aina ya «kwa kawaida» na «isipokuwa ikisomeka vizuri zaidi vinginevyo». Mashine haijui kusomeka vizuri. Zikaja programu za ukaguzi zilizogeuza ushauri ule kuwa amri zenye namba, na mwaka 2018 Łukasz Langa akatoa Black. Jina linatokana na gari la Ford: chagua rangi yoyote, mradi iwe nyeusi. Vibonyezo ni vichache mno. Mstari una herufi 88, yaani 80 na asilimia kumi juu, kwa maelezo kwamba hapo faili zinakuwa fupi kwa kiasi cha kuonekana. Alama za kunukuu ni zile za jozi. Na jambo lililonituliza mimi mwandishi wa programu za pesa: baada ya kupanga, Black hulinganisha mti wa sintaksia wa kabla na wa baada. Ikiona tofauti, inakataa kuandika.

Mgongano na kanuni za zamani ulionekana mara moja. PEP 8 inasema alama ya nukta mbili ndani ya mabano ya mraba ichukuliwe kama alama ya hesabu, kwa hiyo pande zake ziwe na nafasi sawa. Black ikafuata, ikaandika `orodha[mwanzo + 1 : mwisho + 1]`. Programu ya ukaguzi ikaja na kosa E203: usiweke nafasi kabla ya nukta mbili. Vivyo hivyo mwaka 2016 PEP 8 ilibadilishwa, ikapendekeza mstari mrefu wa hesabu ukatwe kabla ya alama ya kujumlisha badala ya baada yake. Mkaguzi alikuwa na amri, W503, inayokataza jambo hilo hilo. Mashine mbili zinadai kutii andiko moja, na zinazozana. Dawa ambayo maelezo ya Black yenyewe yanaitoa ni kuzima amri ya mkaguzi. Hakuna aliyesema tubadilishe Black. Nadhani huo ndio mwaka ambao kanuni zilianza kupisha njia.

Mfano mkubwa ninaoujua ni Django, ambayo sisi tunaitumia kila siku. Mwaka 2019 bodi yao ya ufundi ilikubali mradi mzima upangwe kwa Black, ingawa wapo waliopinga, lakini wakaamua kusubiri hadi Black itoe toleo lililotulia. Lilitoka Januari 2022, na Februari mwaka huo Django yote ikapigwa pasi kwa mkupuo. Soma kilichotokea kwenye mwongozo wao: mstari uliruhusiwa kufika herufi 119, ukashuka hadi 88. Mwongozo ulitaka alama moja ya kunukuu, ukageuzwa, sasa ni za jozi. E203 ikazimwa. Waliutoa waraka wao sadaka, na ulikuwa waraka wa watu makini kuliko sisi.

Kilichowawezesha ni Git. Zamani ukipanga upya mradi mzima, ukiuliza nani aliandika mstari huu, jibu ni jina la aliyeendesha kipangaji, kwenye kila mstari. Historia imefutika. Toleo la 2.23 la Git, la Agosti 2019, lilileta uwezo wa kuorodhesha mabadiliko ya kurukwa wakati wa kuuliza swali hilo. Django ina faili hiyo, `.git-blame-ignore-revs`. Nasi tumeiweka siku ya kwanza, kabla hata ya kuipanga faili moja.

Basi nikawapelekea wenzangu haya. Kilichowashawishi zaidi, nakiri, si Django wala reli. Ni kumbukumbu zetu wenyewe. Miezi kadhaa iliyopita mwenzetu kijana wa Taveta alituma badiliko la hesabu ya riba. Mkaguzi alilirudisha mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa alama za usawa hazikupangwa kwenye safu moja, kama waraka unavyotaka. Mara ya pili, alama za kunukuu. Mara ya tatu, mkato wa mwisho kwenye orodha. Mara ya nne likapita. Ndani yake riba ya mwaka ilikuwa imegawanywa kwa 12 mara mbili: ndani ya kitendakazi, na tena pale kilipoitwa. Aliyeligundua ni mweka hazina wa chama kimoja, mzee anayehesabu kwenye daftari la mistari, akaona wanachama wanadaiwa kidogo mno. Chama kikalazimika kuwaeleza watu kwamba deni lao limepanda. Nimeyasoma maoni yote ya ukaguzi wa badiliko lile. Hakuna hata moja linalotaja riba.

Tuliketi na waraka, ukurasa kwa ukurasa. Kila kanuni tuliiuliza: pasi inalifanya hili? Kama inalifanya vile vile, kanuni inafutwa. Kama inalifanya tofauti, kanuni inafutwa pia, na hapo palikuwa na maombolezo. Kupanga alama za usawa kwenye safu moja kulikuwa fahari ya mwenzetu mmoja wa Voi, na kweli kunapendeza, lakini ukibadilisha jina moja refu inabidi usogeze mistari yote kumi, na Git inaonyesha kumi. Imekwenda. Tumemwachia jedwali la viwango vya riba, ambalo ni jedwali kweli na linasomwa na jicho kabla ya mashine. Tumelizungushia `# fmt: off` na `# fmt: on`, na kipangaji hakiligusi. Ruhusa hiyo inaombwa, haijichukuliwi. Mkato wa mwisho nao umepata kazi mpya: tangu mwaka 2020 Black ikiuona inaacha kila kipengele kwenye mstari wake, kwa hiyo ni njia ya kuiambia mashine unachotaka bila kibonyezo. Ukaguzi unafanyika kwenye laptopu ya mwandishi kabla ya kutuma, si kwenye seva, kwa sababu ambayo kila mkazi wa Bura mwenye kusubiri intaneti irudi baada ya stima kupotea anaielewa.

Kurasa kumi na moja zimebaki mbili. Kwenye hizo mbili yamebaki yale ambayo pasi haiyaoni: jaribio gani liandikwe unapogusa hesabu ya pesa, na majina. Tulipotafuta tulikuta `riba` iliyo asilimia, yaani 12, na `interest_rate` iliyo sehemu, yaani 0.12, kwenye faili moja, mistari michache kutoka moja hadi nyingine. Kipangaji kilizipitia zote mbili, kikazinyoosha vizuri, kikaendelea. Sasa jina lolote la kiwango lazima litaje kipimo na muda: `riba_asilimia_mwaka`. Kama majina yawe ya Kiswahili au ya Kiingereza hatujakubaliana. Voi wanataka Kiingereza, kwa hoja kwamba Django yenyewe ni ya Kiingereza. Mombasa hataki kulisikia hilo, na kikao ni Alhamisi.